Nunow, Maiti Aliyesamehewa

Katika nchi ya Garissa miaka haiendi kwa tarakimu, huenda kwa matukio. Mtu akiulizwa alizaliwa lini, hujibu kuwa ni mwaka ng'ombe walipokufa wakabaki ngamia, au mwaka mto Tana ulipopanda mpaka kwenye mashamba ya ndizi. Kwa hesabu hiyo Nunow bin Abdille alizaliwa mwaka wa surua, akabaleghe mwaka vita vya ng'ambo ya mpaka vilipoijaza Dadaab wageni, akaoa mwaka wa mafuriko makubwa, na akaota mvi za kwanza mwaka mitandao ya simu ilipofika hadi visimani. Miaka ikapita juu yake taratibu, kama kivuli kipitavyo ukutani, ikamwondolea meno mawili, nguvu za magoti na marafiki kadhaa. Kitu kimoja tu haikukipunguza, nacho ni ulimi wake.

Nunow alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo. Huko dalali hodari hataji bei kwa mdomo. Humshika mnunuzi mkono chini ya shuka, wakaafikiana kwa vidole, na walio pembeni wasijue kitu. Kazi hiyo ya kimya ingemfaa mtu wa kimya. Kwa Nunow mikono ilifanya biashara, na mdomo, kwa kukosa shughuli, ukajitafutia yake: kuwapa watu lakabu.

Ni ada ya watu wa huku kwamba kila mtu awe na lakabu, kwa sababu akina Abdi ni wengi kuliko mbuzi na bila lakabu huwezi kujua ni Abdi yupi aliyeoa wala ni yupi aliyefungwa. Lakabu nyingi hazina sumu: Mrefu, Mweusi, Mwenye Shavu. Za Nunow zilikuwa na miba. Daktari wa mifugo alimwita Sindano Butu, na tangu siku hiyo wafugaji walipeleka wanyama wao kwa mwingine. Dalali mwenzake, Diriye, aliwahi kukimbia fisi kichakani mpaka akapoteza kiatu. Fisi alipotokea alikuwa punda. Nunow akamwita Punda-Fisi, na jina likamganda Diriye mpaka kwenye kadi ya harusi ya bintiye, ambako mchapaji aliliandika kwa nia njema kabisa, ili wageni wasikosee nyumba.

Lakini lakabu iliyoumiza kuliko zote alimpa dada yake mwenyewe.

Dada huyo, Osob, alikuwa mjane na muuzaji wa maziwa ya ngamia, mwenye nafasi katika safu ya mbele ya soko la maziwa. Mwaka wa ukame ule mkali ngamia walikula miba mikavu, na maziwa yao yakawa mepesi. Mnunuzi mmoja akanung'unika. Nunow alikuwa akipita, na kabla hajajua anachosema alikwisha kukisema: "Siku zote mnaomba mvua. Mbona imekwisha kunyesha? Imenyesha ndani ya dumu la Osob."

Soko zima likacheka. Kufikia alasiri alikuwa Osob Mvua. Kufikia wiki iliyofuata mahoteli yalikuwa yamehamia kwa wengine, na baada ya mwezi alisukumwa nyuma, karibu na mtaro. Osob hakuwa ametia hata tone la maji. Hakugombana wala hakushtaki kwa wazee. Aliacha tu kumsemesha ndugu yake, na akadumu hivyo kwa miaka kumi na mmoja, akimtumia salamu za Idi kupitia kwa wifi yake, Fatumo, kama mtu anayetuma barua serikalini.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi Nunow akapanda lori la shehena liendalo Liboi, akaangalie ngamia waliokuwa wamevushwa mpakani. Dereva alikuwa Fathi, mtu mnene, mwenye subira na barabara. Aliendesha polepole, akikwepa kila shimo. Baada ya Dadaab, Nunow akachoka. "Ndugu zangu," akawaambia wapakizi wawili waliokaa naye mbele, "gari hili si la shehena. Ni la Bi Harusi anayepelekwa kwa mume asiyemtaka."

Wapakizi wakacheka. Walicheka tena mbele kidogo. Mara ya tatu mmoja alisema, "Bi Harusi, kuna shimo," na Fathi akaliona jina lile likiwatangulia kwenda Kulan, Liboi, Diff na kwingine kote alikokuwa na wateja na wakwe. Akasimamisha lori.

"Mzee Nunow, nitazamie gurudumu la nyuma. Nasikia sauti."

Nunow akashuka. Gurudumu lilikuwa zima. Alipokuwa akilitazama, lilianza kuzunguka, na lori likaondoka kwa mwendo ambao Fathi hakuwa ameuonyesha tangu asubuhi. Koti la Nunow, lenye kitambulisho na simu, lilibaki likining'inia ndani ya lori.

Mambo mawili yakatokea alasiri hiyo. Lori lilipokuwa likivuka laga, yaani mkondo mkavu wa mto wa msimu, yakaja ghafla maji ya mvua iliyonyesha mbali, yakalipindua. Watu wote watatu wakatoka wazima. Koti likaonekana limenasa kwenye miba, mwendo wa saa nzima chini ya mkondo. Askari wa Kulan walipomuuliza Fathi yuko wapi mwenye koti, Fathi alitazama miguu yake na akajibu neno moja: "Maji."

La pili ni kwamba Nunow, akitembea juani bila maji wala kofia, alianguka. Aliokotwa na mama mmoja mfugaji, Barwaqo, aliyekuwa akitafuta ndama aliyepotea, akampakia juu ya ngamia kama mzigo wa mikeka. Homa ikamshika siku kumi na moja katika kibanda ambako mtandao haufiki. Siku ya nne alihisi roho inapanda kifuani, akatoa shahada. Alitegemea katika saa hiyo kuona ama nuru ama giza, kama walivyomfundisha utotoni. Aliona dumu la manjano, na nyuma yake uso wa Osob, ukiwangoja wanunuzi wasiokuja. Barwaqo alimwekea kibuyu cha maziwa mdomoni, naye akalia hata maziwa yakamwagika shingoni.

"Unalia nini, mzee?"

"Nimemtukana mwenye maziwa haya."

"Haya ni ya kwangu."

"Basi yamefanana."

Akaweka nadhiri: Mungu akimrudisha Garissa, mlango wa kwanza kubisha utakuwa wa Osob, na atamwomba radhi kwa ulimi uleule. Nadhiri hiyo ilikuwa ya kweli, na laiti angerudi siku ile, huenda angeitimiza siku ile. Lakini mwanadamu husahau ahadi za homa kwa kasi anayoponea.

Garissa nako hawakumngoja. Habari ilipofika, ikaswaliwa swala ya maiti asiyekuwapo, ambayo wanavyuoni wa madhehebu yetu wameiruhusu, na matanga yakakaliwa. Katika matanga kuna sheria isiyokiukwa: maiti hutajwa kwa mema. Watu walijitahidi. Walipokosa mema ya Nunow waliazima ya wengine. Kisha Sheikh Kulow, imamu wa msikiti wa mtaa, akasimama kama ilivyo ada, akawaomba waliodhulumiwa na marehemu wamwachie. Diriye akasimama wa kwanza: "Mimi Diriye, aliyeniita Punda-Fisi, nimemsamehe." Sindano Butu naye akasamehe. Watu arobaini na wanane wakasamehe, na imamu, ambaye alikuwa na lakabu yake pia, akasamehe mwisho.

Osob alikaa kwa wanawake, hakusimama kusamehe. Ndipo ikaja kazi ya Ayanle. Ayanle alikuwa mwalimu wa shule ya upili na mshairi wa simu: hutunga, hujirekodi, hutuma, na kabla ya chakula cha mchana mashairi yake yamefika Wajir. Katika shairi lake la rambirambi Nunow aliruka majini kwa hiari, akambeba mpakizi mmoja begani kulia na wa pili begani kushoto, akawaweka ukingoni, akamrudia dereva. Mkondo ulipomzidi nguvu, alitoa ukelele wa mwisho: "Osob, dada yangu, niwie radhi." Ukelele huo Ayanle aliuweka kwa sababu ubeti ulikuwa umepungukiwa na mshororo.

Wapakizi wawili, waliposikia kwamba waliokolewa, walianza kukumbuka.

Na Osob, aliposikia mshororo ule, alivuta mtandio usoni, akasema mbele ya wanawake wote, "Nimemsamehe, duniani na akhera." Kisha akalia kilio cha miaka kumi na mmoja.

Nunow aliingia Garissa siku ya kumi na tatu, mchana wa jua kali, juu ya lori la mbuzi. Alipofika kwenye ua wa nyumba yake alisikia wanawake ndani wakimsifu mtu: mpole wa ulimi, hakuwahi kumtweza kiumbe. Akadhani amekosea nyumba. Alirudi hatua tatu, akautazama mlango, akaona ni wake, akaingia.

Fatumo alikuwa ameketi amevaa nguo nyeupe za eda. Hakupiga kelele. Alijifunika uso upesi.

"Simama hapo hapo. Niko eda, sionani na wanaume."

"Eda ya nani?"

"Ya kwako."

"Mimi nimesimama mbele yako, Fatumo."

"Hilo atalisema sheikh. Wewe ni mhusika, ushahidi wako haukubaliki."

Nunow akatoka, akakaa nje ya lango lake mwenyewe, juu ya jiwe, watu wakimtazama kutoka umbali wa hatua ishirini. Sheikh Kulow alipofika alimsomea kwanza aya ya kufukuzia mashetani. Nunow hakuondoka. Alimpa tende, Nunow akaila akatema kokwa. Mwishowe sheikh akamfinya mkono, Nunow akaanza kusema neno lililoelekea kuwa lakabu, na sheikh akageukia lango. "Ni yeye," akasema. "Vua nyeupe, binti yangu."

Siku ile ilikuwa ya furaha ya kweli, na atakayeidharau furaha ya Fatumo hajui maana ya mke kurudishiwa mume, hata mume wa aina hiyo. Lakini tangu kesho yake Nunow alikuta anaishi na mtu mwingine aliyefika kabla yake, mrefu kuliko yeye, shujaa wa laga, aliyekufa na kurudi. Walikuja kumwona watu wa mitaa yote. Wazee waliofuga ndevu nyeupe katika darasa za msikitini, ambao wanajua vyema kuwa aliyekwenda kaburini haendi na kurudi kama anayekwenda Nairobi, walikaa mbele yake na kuuliza kwa sauti ya chini kama huko barzakhi, roho zinakongoja kiyama, kuna joto.

"Mimi sikufa," alisema Nunow siku ya kwanza.

"Unyenyekevu huo," wakasema, wakazidi kusogea.

Siku ya pili alisema, "Sikufa kabisa." Siku ya tatu mzee mmoja alimuuliza kama amemwona baba yake, na Nunow, akiona vikombe vya chai vimesimama hewani, akajibu, "Mengine hayasemeki." Jibu hilo lilimpendeza kila mtu. Hata yeye lilimpendeza. Alinunua tasbihi ndefu. Akaanza kutembea polepole.

Na ile nadhiri? Alikuwa amerudi na shingo iliyoinama, tayari kuomba, akakuta alichokuja kuomba kimekwisha tolewa. Watu arobaini na wanane wamemsamehe bila yeye kufungua mdomo. Ni nani apandaye mlima akiambiwa kisima kiko bondeni? Alijiambia kwamba Mungu amemfupishia njia.

Osob alikuja siku ya nne, amebeba kibuyu kilichofukizwa moshi wa mti mzuri. Alikaa mbele yake. Alikuwa amezeeka; Nunow hakuwa ameliona hilo kwa miaka yote aliyompitia sokoni akitazama pembeni.

"Walaal," alisema, yaani ndugu yangu, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ukame ule, "nakuuliza jambo moja, sitauliza tena. Ni kweli ulinitaja majini?"

Ukweli ulikuwa tayari mdomoni. Siyo majini, dada. Kibandani, katika homa. Lakini ili aseme kibandani ilibidi aseme alifikaje kibandani, na ili aseme hivyo ilibidi amtaje Bi Harusi, na gurudumu, na shujaa mzima angeshuka begani mwake na kwenda zake. Uso wa Osob ulikuwa umefunguka kama uso wa msichana. Nunow akainamisha kichwa mara moja, kuitikia.

Osob akammiminia maziwa. Nunow akapiga fundo la kwanza na la pili. Kisha akakiweka kikombe chini kabla hakijaisha.

Tangu siku hiyo kitu kikavunjika ndani yake ambacho hakuna aliyeweza kukiona kwa nje. Sokoni zilikuja lakabu nzuri, za kustahili, zikipanda hadi ulimini: yule mnunuzi wa Buna mwenye masikio yaliyosimama, kwa mfano, alikuwa zawadi kutoka mbinguni. Nunow alifungua kinywa, akakifunga. Alifanya biashara kwa vidole tu. Watu wakasema, tazameni, kifo kimemtakasa. Wakampa lakabu yeye mwenyewe, ambaye miaka yote hakuna aliyethubutu kumpa: wakamwita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" "Mpisheni Marehemu aketi." Osob naye, kila asubuhi, aliwaambia wauza maziwa wenzake jinsi ndugu yake alivyomtaja maji yakiwa shingoni, na kila mara aliposimulia, Nunow aliisikia habari hiyo kabla ya adhuhuri, kwa kuwa Garissa si mji mkubwa.

Siku moja baada ya swala ya alasiri, barazani mwa msikiti, Diriye akalileta jambo lake.

"Sheikh, nina mushkeli. Mimi nilimsamehe maiti. Huyu anakunywa chai."

Watu wakacheka. Diriye hakucheka. "Nauliza kisheria. Mtu akiniuzia ngamia akasema ana mimba, kisha ikaonekana hana, si ninamrudisha?"

"Msamaha si ngamia, Diriye," akasema Sheikh Kulow.

"Ndiyo maana nauliza. Angekuwa ngamia ningejua la kufanya."

"Ulimsamehe kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Mungu."

"Mungu amekufa?"

"Astaghfirullah."

"Basi msamaha wako uko palepale ulipouweka. Ulichompa Mungu hukirudishi kwa sababu Nunow amepona." Sheikh akapeperusha inzi kwenye kikombe chake. "Lakini sikilizeni tofauti. Anayesamehe hutoa chake. Toba ni ya aliyekosa, na hakuna awezaye kumfanyia, hata watu arobaini na wanane. Tena aliyemchafua mtu mbele ya watu humsafisha mbele ya watu walewale. Na ikiwa msamaha umepatikana kwa uongo, basi dhulma imekuwa mbili."

Sheikh alisema hivyo kwa ujumla, kama anavyosema kila Alhamisi, wala hakumtazama mtu. Diriye akanung'unika, "Kwa hiyo mimi nimebaki na Punda-Fisi, na msamaha wangu nao umekwenda." Baraza likacheka tena. Chai ya Nunow ilipoa mkononi mwake, na alipoinuka kwenda zake alikuwa angali ameshika kikombe cha msikiti.

Asubuhi iliyofuata Fathi dereva alimjia kwenye soko la mifugo, ameivua kofia.

"Mzee Nunow, wallahi nilidhani utapata gari lingine ufike kwako."

"Nilifika. Nikakuta nimekufa."

"Mimi nilisema neno moja tu."

"Maji."

"Na maji yalikuwapo, huwezi kukataa." Fathi akatazama huku na huku. "Sikiza. Wewe umepata sifa. Mimi watu wananiambia niliokolewa na walii, wananipa shehena. Hakuna aliyeumia. Tuliache lilivyo."

Nunow alimtazama mtu huyo mnene aliyekuwa akitoka jasho. Hakuna aliyeumia: hivyo ndivyo alivyojiambia yeye mwenyewe alipolipita dumu la Osob kwa miaka kumi na mmoja.

"Fathi," akasema, na alimwita kwa jina alilopewa na mamake, "niwie radhi kwa lile la njiani. Sasa rudi kwenye lori lako, maana kesho utaona aibu, na mimi sitakuwa na namna ya kukukinga."

Kesho yake, saa mbili asubuhi, soko la maziwa likiwa limejaa, Nunow alisimama mbele ya safu ya mbele. Watu walikusanyika wakidhani Marehemu atawaidhi. Ayanle aliinua simu ili arekodi. Osob, kule nyuma karibu na mtaro, alisimama ili aone vizuri.

"Enyi watu," akaanza Nunow. "Sikuingia majini. Sikumwokoa mtu. Nilishushwa kwenye lori kwa sababu ya ulimi wangu, nikaugua kichakani. Sikufa na sijui lolote la kaburini. Huyu mzee aliyeniuliza habari za baba yake, namwomba radhi: sikumwona. Na hapa mliposimama, mwaka wa ukame, nilisema maziwa ya dada yangu yana mvua. Nilisema uongo ili mcheke. Maziwa yake hayajawahi kuingia maji. Na dada yangu aliponiuliza kama nilimtaja majini, nikaitika. Huo nao ulikuwa uongo."

Mtu angetegemea watu wamkasirikie kwa kuwadanganya. Walimkasirikia kwa kuacha kuwadanganya. "Ungetuachia tu, mzee, ilikuwa habari nzuri," akasema kijana mmoja. Ayanle alitaka kujua kama mshororo wa mwisho angalau ungeweza kubaki. Wapakizi wawili, waliokuwa wakishusha madumu hapo, walipinga hadharani: wao waliokolewa, walikumbuka bega lenyewe, na mtu huyu hana haki ya kukana wema wake.

Osob alifunga vifuniko vya madumu yake kimoja kimoja, akayabeba, akaondoka. Alipompita ndugu yake alisema bila kumtazama, "Nilimsamehe mtu aliyenitaja. Wewe sikujui."

Nunow alirudi nyumbani hana ushujaa, hana msamaha, hana dada. Fatumo akamwekea chakula. "Umekwisha kula aibu," akasema, "kula na wali." Kisha, akiwa anamnawisha mikono, akaongeza, "Leo ndiyo nimeamini kuwa umerudi."

Asubuhi iliyofuata Nunow alikwenda soko la maziwa kabla ya Osob, akaketi chini kando ya mtaro. Osob alipokuja alipanga madumu kana kwamba pale pana jiwe. Akaja mnunuzi wa kwanza, aliyekuja kucheka. Nunow akamwambia, "Mimi ndiye niliyesema uongo juu ya maziwa haya. Onja." Mnunuzi akaonja. Akaja wa pili, naye akaambiwa vilevile. Nunow alikaa hapo mpaka dumu la mwisho likaisha, kisha ndipo akaenda kwa ngamia wake, amechelewa, ananuka mtaro.

Alifanya hivyo siku ya pili, na ya kumi, na ya ishirini na tano. Watu walizoea, kicheko kikaisha. Yakabaki maziwa, ambayo yalikuwa mazuri. Hoteli mbili zikarudi. Mama mmoja wa safu ya mbele akasogeza madumu yake, pakapatikana nafasi, na Osob akahamia bila sherehe. Nunow akahama naye. Hakuwa akisemeshwa. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo sifa zote za matanga hazikuwahi kumpa: usiku alilala.

Siku ya thelathini na saba jua lilikuwa kali, na Nunow alikuwa akifuta shingo kwa kitambaa. Osob, akimimina, alisema bila kugeuka, "Walaal, sogea huku. Hapo unaungua."

Akasogea. Osob akamaliza kumimina, akafunika dumu, ndipo akageuka, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Nimekusamehe," akasema. "Safari hii sikuambiwa na mtu kuwa umekufa."

Nunow akalishika dumu lililofunikwa, akalisogeza kivulini.

"Na siku utakapokufa kweli," akaongeza dada yake, "usinitaje. Wataandika shairi jingine."

Lakabu haikutoka mjini yote. Lakabu haitoki hivyo. Wapo hata leo wanaomwita Osob Mvua, wengine kwa mazoea tu, naye huwarekebisha kwa upole, au huwapimia mwisho. Nunow angali anaitwa Marehemu, na huitika. Diriye alimwomba, kwa kuwa ana ustadi wa majina, amtafutie lingine lenye heshima badala ya lile la punda. Nunow alifikiri siku tatu nzima, kisha akamwambia, "Diriye."

Ewe Mola uliyemwachia mja wako huyu muda baada ya watu kuufunga muda wake, mpe umri wenye faida na ulimi ulioloa kwa kukutaja Wewe kuliko kuwataja waja wako. Mbarikie Fatumo aliyevaa nyeupe kwa ajili yake na kuivua kwa furaha. Tia baraka katika mifugo ya Osob na katika mikono yake ikamuapo, uwainue watoto wake wasiulizwe jina la mama yao ila kwa heshima. Mlipe Barwaqo kwa kila fundo aliloliinua mdomoni mwa mgeni. Na mauti yao yatakapofika, kila mmoja kwa siku yake, uwakute wamekwisha radhiana wangali hai, wakiangaliana usoni. Amin.